Tupeane uzoefu: majani msiyoyataka uani, na nani amewahi kuishinda ndago?

Wa Bamburi: Asalaam aleikum jamani. Leo asubuhi nimetoka na kikombe cha chai, nikaziona zile ncha za kijani zimechomoza tena palepale nilipochimba mwezi uliopita. Nikakaa kwenye ngazi, chai ikapoa. Nina majani ya Pemba, zile nyasi za kutandaza uani, kipande cha hatua 12 kwa 8. Kwetu chini ni mchanga na mawe ya matumbawe, kwa hivyo kabla ya kupanda nilileta lori la udongo mwekundu. Masika ya kwanza tu, ndago. Nikashika jembe wiki nzima, sasa imekuwa maradufu. Aliyepitia haya atwambie, na aseme ni jani gani alilolitoa, maana kila mtu akisema magugu ana lake.

Mama wa Tudor: Lori la udongo mwekundu! Nasi lilituingilia hivyo hivyo.

Fundi wa Kisauni: Kaka, hilo jembe ndilo lililokuzidishia. Chimbua shina moja polepole kwa kijiti, usivute. Utaona uzi mwembamba wa mzizi, kisha kiazi cheusi kama punje ya kunde, kisha uzi tena, kiazi tena. Ukikipasua kwa ukucha kinanukia. Jembe linakata ule uzi, na kila kiazi kilichokuwa kimelala kinaamka chenyewe. Na kabla ya yote hakikisha ni ndago kweli: viringisha shina kwa vidole viwili. Likikataa kuviringika kwa sababu lina pembe tatu, ni ndago. Likiwa bapa, jeupe chini, limejitandaza kama gurudumu pale watu wanapokanyaga, hilo ni jani jingine. Mvua ikinyesha lishike chini kabisa ung'oe, kabla halijatoa mbegu.

Shanzu Juu: Tandika plastiki nyeusi miezi mitatu. Kwisha.

Mama wa Tudor: Kwisha wapi? Yangu iliitoboa hiyo plastiki, ncha zake kali kama sindano ya gunia.

Mzee wa Likoni: Mimi ukoka ndio ulionitesa, ndago naiona mtoto.

Changamwe Stesheni: Shikamoo mzee, lakini ukoka si gugu. Uwanja wangu wote ni ukoka, wastahimili jua, wastahimili maji ya chumvi ya kisima, mbuzi akila unarudi. Nashangaa mwauita gugu.

Mzee wa Likoni: Marahaba mwanangu. Ukiupanda wewe ni bustani. Ukipita chini ya ua ukaingia kwenye mchicha wangu, ni gugu. Mimi sikuupanda.

Changamwe Stesheni: Basi mwenye kosa ni ua, mzee.

Fundi wa Kisauni: Tusigombane. Aliye na majani ya Pemba ataona ukoka ni adui, na mwenye ukoka ataona vingine vyote ndio adui. Ila dawa mtu asinunue kabla hajajua ana nini. 2,4-D inaua vyenye majani mapana, kama mbigili. Ndago haifi kwayo, mtamaliza pesa. Yenye halosulfuroni inaipata ndago na kuuacha ukoka, lakini ukipiga mara moja haitoshi, itachipua tena, urudie kama karatasi yake inavyosema. Glaifoseti haichagui.

Wa Mtongwe: Sikutaka kuandika, lakini hiyo glaifoseti imenirudisha mbali.

Mamangu alikuwa na asumini kando ya ukuta, safu nzima, aliipanda nikiwa darasa la pili. Kila siku baada ya alasiri akichuma matumba kabla hayajafunguka, anayatia kwenye kitunga, halafu anakaa barazani kutunga vikuba na makoja ya maharusi wa mtaa. Mwaka juzi ukoka ukaingia mpaka kwenye njia ya saruji. Nikaenda duka la dawa za kilimo, muuzaji akanambia hii inaua kila kitu, nami nikafurahi. Nikapiga saa nane mchana, kusi inavuma, bomba mgongoni, mdomo wake nimeufungua ukitoa ukungu. Niliuona ule ukungu ukielea kuelekea ukutani. Niliuona kabisa. Nikaendelea kwa sababu dawa ilikuwa imebaki kidogo.

Siku ya kumi majani ya asumini yakaanza manjano. Machipukizi yaliyofuata yalitoka yamejikunja, membamba kama uzi. Mama hakunigombeza. Jioni alikuwa akitoka na kitunga chake, anasimama pale ukutani, anarudi nacho kitupu. Ukoka ulikauka, na baada ya miezi 3 ukarudi. Asumini haikurudi.

Mama wa Tudor: Dadangu. Pole sana. Nimelia ofisini.

Shanzu Juu: Ungeyaosha majani yale kwa maji.

Fundi wa Kisauni: Papo hapo, ndiyo, ingesaidia. Ikishakauka juu ya jani imeshaingia. Pigeni alfajiri upepo umelala, na matone yawe manene. Penye maua lipakeni gugu lenyewe kwa sponji, jani moja moja.

Mzee wa Likoni: Mama yuko?

Wa Mtongwe: Yuko mzee, alhamdulillahi. Haulizi tena habari za asumini.

Wa Bamburi: Dada, umenifanya nirudishe dawa kwenye kabati. Nitachimbua kwa kijiti, kiazi kwa kiazi, kila Jumamosi na wanangu.

Shanzu Juu: Au tandika kabro, yale matofali ya uani.

Changamwe Stesheni: Jirani yangu alitandika. Ndago imetokea kwenye viungo.

Bint Kibokoni: Wa Mtongwe, nina asumini ya bibi yangu kwenye pipa, nimeshaotesha vijiti vinne vina mizizi. Ni vya mama. Ila udongo wa hilo pipa una ndago, nimeiona leo nilipokwenda kuangalia kwa sababu ya maneno yenu haya. Nitavitoa, nitaiosha mizizi mpaka iwe mitupu, nikague kiazi hata kimoja kisibaki. Njoo Alhamisi baada ya alasiri. Uje na kitambaa kibichi cha kuvifungia, visikauke kwenye feri.