"MOMENTO" kwenye vibao vya Malindi: mafundi, mtaacha lini?

Wachongaji na wenye maduka ya Malindi, hili neno MOMENTO mnalolichonga chini ya picha ya nguzo ya Vasco da Gama lina wenyewe, na wenyewe ndio wateja wenu. Mtaliano akisoma "Momento di Malindi" haoni zawadi ya kwenda kuweka kwake. Kwao momento ni kitambo kidogo. Un momento ni "ngoja kidogo". Mji mzima unazungumza Kiitaliano, kuanzia ufukweni mpaka kwenye tuktuk, na bado gogo la muhugu, mti unaokua polepole mno na unaozidi kuadimika, linaharibiwa kwa herufi moja. Inauma!

Neno ni MEMENTO. Asili yake Kilatini, tena ni amri: "kumbuka!" Lilikuwa likifungua sala mbili ndani ya Misa, moja ya walio hai na moja ya marehemu, kisha likaingia Kiingereza likawa jina la kitu cha kumkumbusha mtu mahali au mwenzake. Hiyo momento imetokana na watu kulichanganya na "moment". Najua wabishi watakuja na kamusi, maana zipo za Kiingereza zinazoitaja kama tahajia ya pili. Sawa, zipo. Lakini anayeshika kibao chako hapa Malindi hakusoma kamusi hiyo, amesoma kwao. Shikeni hivi: me- kama memori ya simu. Wingi ni mementos au mementoes, yote sahihi.

Kama soko lako ni Wataliano, achana nalo kabisa uandike RICORDO, c moja tu, wingi ricordi: "Ricordo di Malindi". Na Kiswahili je, kimewakosea nini? KUMBUKUMBU ni neno moja, msilikate "kumbu kumbu", na wingi wake haubadiliki. Wale wa "Duka la Makumbusho" nao wabadilishe kibao, mgeni anaingia akitafuta vitu vya kale anakuta vishikio vya funguo.

Sasa sikilizeni kwa nini kosa hili haliponi. Herufi ya kuzama, hata ya milimita 3 tu, huwezi kugeuza O iwe E: mviringo wa O unabaki nje ya mistari ya E. Ukipiga randa uso wote, unene unapungua na picha ya nguzo inaondoka nayo. Ukitoboa mraba na kupachika kipande, lazima kiwe cha gogo lilelile, nyuzi zielekee upande mmoja, na mti uwe umekauka. Mwarobaini mbichi ukipachikwa hunywea, gundi inaachia, ufa unaonekana pande zote. Muhugu ukipakwa mafuta ndipo kiraka kinajitokeza, kwa sababu rangi ya nyuzi haifanani.

Chanzo ni kunakili kibao cha jirani kilichokosewa. Andika maneno kwenye karatasi kwa ukubwa ule ule wa kibao, yasome herufi moja moja kutoka mwisho kurudi mwanzo, maana ukisoma kwa kawaida jicho linajaza lenyewe. Mpe mtu mwingine asome. Ndipo uhamishe kwa karatasi ya kaboni, na patasi iguse mti baada ya hapo, si kabla.

Wachapaji wa fulana ndio wabaya zaidi, kwani kosa likiwa kwenye fremu ya kuchapia linaingia kwenye kila fulana ya oda. Fremu inaoshwa na kutengenezwa upya. Fulana haioshwi ikatoka.

Wenye maduka, acheni kuagiza kwa mdomo halafu hasara mkamtupia fundi. Andika maneno kwa mkono wako, weka sahihi, karatasi ibaki kwa fundi. Ukikosea wewe, ulipe wewe, mti na kazi yake.