Naomba ushauri: kupunguza nyama polepole bila kupungukiwa B12
Wakuu, naomba ushauri. Mpango ni kuondoa nyama kwenye mlo mmoja zaidi kila baada ya wiki 2, na nafasi yake ijazwe na dengu au maharage. Mboga za majani peke yake hazitoshi. Protini yake ni ndogo, njaa inarudi mapema na mtu anaikimbilia nyama tena. Maharage yalowekwe saa 8 hadi 12, maji yamwagwe, ndipo yachemshwe. Gesi tumboni hupungua. Madini ya chuma ya mimea hufyonzwa kwa shida, kwa hiyo limau liwepo mezani kusaidia ufyonzwaji, na chai, ambayo huuzuia, isubiri saa 1 baada ya kula.

Kinachonitatiza ni vitamini B12, ambayo hupatikana hasa kwenye vyakula vya wanyama. Mayai na maziwa yakibaki, vidonge vianze lini? Na damu ipimwe kila baada ya muda gani?