Kwa nini Wachina wanalinda vigae vya vyombo vilivyovunjika?

BintiMfinyanzi (Uvinza)
Wakuu, heshima kwenu. Nimeona picha za tanuru la kale kule Longquan, mkoa wa Zhejiang, China. Limelala kwenye mteremko wa kilima, refu, limeezekwa, na lundo la vigae kando yake halijaguswa. Marehemu bibi yangu alichoma vyungu uwanjani kwa nyasi na magome. Kilichopasuka alikitupa nyuma ya nyumba. Wiki hii shemeji alikuwa anachimba shimo la choo, akatoa vigae makarai mawili, vinene, vyeusi upande wa ndani. Anataka kuvimwaga kwenye msingi wa nyumba. Nimemzuia. Je, nambishia bure?

Msafiri_Kgm
Dada, mzuie kabisa! Nimefika Jingdezhen, mji wa vyombo vya kauri hukohuko China, penye tanuru la kifalme. Chombo kizima kilikwenda kwa mfalme. Chenye kasoro kilipondwa na kufukiwa palepale, raia asije akakitumia. Wachimbuaji wa siku hizi wakaviunganisha vigae hivyo kipande kwa kipande. Aina nyingine hazikupatikana kwingine kokote ila mashimoni humo. Hayo matanuru marefu ya Longquan, moto huwashwa chini na joto linapanda lenyewe, kuni zinaongezwa kwa matundu ya ubavuni. Vyombo vilikaa ndani ya vikasha vya udongo visiingiwe na majivu. Ukiliondoa lundo, mafundi wale umewafuta.

Mzee wa Tabora
Mwanangu, hapo Uvinza unakalia historia. Mwaka 1967 watafiti John Sutton na Andrew Roberts walichimba kwenye chemchemi za chumvi. Maji yale yalichemshwa vyunguni kupata chumvi karne nyingi kabla ya misafara ya Ujiji. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Msichimbe zaidi. Piga picha ukiweka rula kando, andika vilitoka kina gani, kisha nenda kwa afisa utamaduni wa wilaya. Nilikwenda Kunduchi, Dar es Salaam, kuona makaburi yaliyopambwa kwa bakuli za Kichina. Nyingi zimeng'olewa, yamebaki matundu. Iliniuma sana.

BintiMfinyanzi
Shikamoo mzee, asanteni nyote. Shemeji amekubali, choo kinahamia upande wa mwembe. Vigae viko kwenye ndoo chumbani kwangu. Kimoja kina alama za kamba ukingoni, mistari midogo iliyolala upande. Bibi naye alikuwa akiviringisha kamba ya nyasi juu ya udongo mbichi, namna hiyohiyo.