Nimeripotiwa kwa bosi kwamba nafungua picha za ngono ofisini. Nilikuwa naangalia ndege!

Wakuu, habari za muda huu. Mods naomba msiuhamishie uzi huu kule kwenye vichekesho, maana najua ndiko mtakakoupeleka. Nina hasira tangu Ijumaa, na povu hili nisipolitoa hapa nitalitoa mahali ambapo nitarudi nyumbani sina kazi.

Niko kwenye ofisi moja hapa Dar, mambo ya kutoa mizigo bandarini. Jina sitaji, mkopo wa mshahara bado unanikata. Mimi starehe yangu ni ndege. Sio ndege za kupanda, ndege hawa wa manyoya. Wenzangu wana mpira, wana bia, mimi nina darubini. Asubuhi daladala ikisimama foleni pale Salenda na maji yamekupwa, nahesabu vitwitwi na sululu dirishani. Saa 7 mchana watu wakishuka kula, nafungua tovuti moja ya wapenzi wa ndege, naandika nimeona nini, wapi na wangapi. Dakika kumi, nafunga, narudi kwenye makontena. Miaka minne nafanya hivyo na hakuna mtu aliyewahi kuniuliza.

Mwezi wa pili wakaleta mfumo mpya wa kuchuja intaneti. Tukaambiwa ni kwa usalama wetu. Sawa.

Siku ya kwanza kunasa nilikuwa namtafuta ndege mmoja wa baharini anayezaliana Fungu Kizimkazi, kale kakisiwa kasiko na hata mti mmoja huko nje kusini mwa Zanzibar. Ndege mzuri ajabu. Mweupe pee, mabawa yamepakwa weusi kwa nyuma, usoni kama kavaa barakoa, na akimwona samaki anajiachia kutoka juu kama jiwe. Kiingereza chake ni "booby". Inasemekana jina lilitoka kwa Wahispania, "bobo", yaani mjinga, kwa sababu alikuwa anatua kwenye merikebu haogopi mtu, mabaharia wanamkamata kwa mkono na kumla. Masikini wa Mungu. Bahati mbaya neno hilohilo kwenye Kiingereza cha mtaani ni maziwa ya mwanamke. Na kuna ukoo mwingine wa ndege wadogo kama shomoro wanaitwa "tit", nao wapo hapahapa Tanzania, mmoja ana koo jekundu yuko huko kaskazini. Hilo nalo maana yake ni ileile. Waliowapa majina hayo walishakufa zamani, leo nahojiwa mimi.

Kioo kikageuka chekundu chote, mkono mkubwa katikati, chini yake jina langu kamili, saa 7:12, na kundi la tovuti: NGONO. Herufi za kusomeka kutoka kwenye mlango wa choo. Nyuma yangu alikuwa amesimama mzee wetu wa uhasibu, mtu wa swala tano, kashika risiti. Akasoma. Akaniangalia. Akasema "nitarudi baadaye" na mpaka leo risiti analeta kwa kijana wa meza ya pili.

Nikamfuata jamaa wa IT. Akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akaniambia mkuu, hiyo sio sisi, orodha inatoka kwa waliotuuzia mfumo. Nikamwomba anieleweshe, na kwa haki yake alinielewesha vizuri. Mashine inapita kwenye tovuti, inahesabu maneno, inaitupia kundi. Tovuti kubwa zinakaguliwa na watu, hizi ndogo za akina sisi hakuna anayezitazama. Na kwa kuwa kurasa siku hizi zina kile kikufuli, yaani yaliyomo yanafichwa njiani, mfumo wetu hauoni unasoma ukurasa gani, unaona jina la tovuti tu. Kwa hiyo ndege wawili watatu wakiwa na majina ya ajabu, wanafungiwa wote: tai, korongo, chozi, mnana, mpaka kunguru!

Akaniambia jaza fomu ya kuomba ifunguliwe. Nikajaza. Kwenye sababu nikaandika ukweli, kwamba tovuti imezuiwa kwa sababu ya jina la ndege, na jina nikalitaja. Fomu ikagoma. "Maandishi yako yana maneno yasiyofaa." Wakuu, fomu ya kulalamikia kichujio nayo inapita kwenye kichujio!

Na msidhani ni ugonjwa mpya huu. Mwaka 1996 watu wa mji wa Scunthorpe kule Uingereza walishindwa kufungua akaunti za AOL, kampuni ya intaneti ya Marekani, kwa sababu ndani ya jina la mji wao kuna herufi nne zinazofuatana ambazo ni tusi. Ukitaka kuziona, anzia kwenye ya pili. Mwaka 2020 wataalamu wa mifupa ya wanyama wa kale walifanya mkutano wao mtandaoni, mfumo ukawazuia kuandika neno "bone". Wataalamu wa mifupa, wamekatazwa kusema mfupa. Robo karne katikati hapo na bado tunauziwa bidhaa ileile.

Kwa Kiswahili ndiyo balaa kabisa. Kiingereza kina neno la herufi nne, a-n-a-l, la huko nyuma kwenye haja kubwa. Sasa tamka mwenyewe: analipa, analeta, analala, wanalima, kanali. Kichujio cha barua pepe kinatoka kwa watu haohao, na wiki ya kwanza kilishikilia barua ya mteja iliyosema "mzigo analipia kesho". Siku mbili imekaa kizuizini, kontena linakula storeji bandarini, mteja anatutukana kwenye simu matusi halisi ambayo hakuna mashine iliyoyazuia. Tuna akina Hassan wawili na Dickson mmoja humu ndani. Sijawaambia watafute hayo majina yao yameficha nini.

Sasa mnajua kipi hakijazuiwa? Mikeka. Kijana wa meza ya pili, huyohuyo anayepelekewa risiti, anabeti kuanzia saa 3 asubuhi. Kile kindege cha kubeti kinapaa kwenye kioo chake mchana kutwa, kinapasuka, anashika kichwa, anaweka tena. Ofisi nzima ndege anayeruhusiwa kuruka ni huyo mla mishahara.

Haya, Ijumaa. Naitwa HR. Kumbe kila mwisho wa mwezi mfumo unatoa ripoti ya "watumiaji vinara wa maudhui yaliyozuiwa", na mimi ni wa pili kampuni nzima. Ngono, majaribio 14. Bosi yupo, dada wa HR yupo, karatasi iko mezani na jina langu limepigiwa mstari kwa kalamu ya kijani. Nikatoa simu, nikatumia bando langu, nikawaonyesha yule ndege wa Fungu Kizimkazi amekaa kwenye yai lake. Dada wa HR akaziba mdomo kwa mkono. Bosi akamtazama ndege muda mrefu, akaniuliza, "Sasa kwa nini waliamua kumwita hivyo?" Mtu mzima nikaanza kueleza Kihispania.

Wakaniambia wamenielewa, hakuna onyo. Nikasema ahsante, basi naomba jina langu litoke kwenye ripoti. Haiwezekani. Ripoti inajitengeneza yenyewe na imeshaenda makao makuu. Yaani kila mtu chumbani anajua mashine imekosea, na kilichobaki kimeandikwa ni nilichosingiziwa.

Tovuti yenyewe wala siiombi tena, bando ninalo. Ninachotaka ni mtu mmoja mwenye sahihi aandike kwamba lile lilikuwa kosa. Kama kuna mwanasheria wa kazi humu anisaidie, naruhusiwa kudai hilo kwa maandishi?

Halafu kuhusu yale majaribio 14. Nimekaa nimeyahesabu. Matano ni yangu. Tisa ni yule jamaa wa IT, kila akigusa kitu ananiandikia "mkuu, jaribu tena uone kama imefunguka". Leo saa 4 kaniandikia tena. Nimejaribu. Nyekundu.

Kumi na tano.