Saini imetoka nje ya kiboksi, fomu imekataliwa. Watu wa namna hii mnadili nao vipi?

Mchovu_wa_Foleni
Wakuu habari zenu. Naombeni ushauri maana nikikaa kimya nitapasuka. Nimepeleka fomu sehemu, ofisi siitaji, viambatanisho vyote vipo, nakala zimegongwa muhuri, picha nimebana na pini kama walivyotaka. Jamaa wa dirishani kaipokea kaanza kuikagua, mara naona anavuta rula, nikadhani anataka kupiga mstari kumbe anaiweka chini ya saini yangu, anainama, anakodoa, anasema "hii imetoka nje". Mkia wa herufi ya mwisho umevuka kiboksi kwa upana wa uzi!! Fomu imeharibika, chukua nyingine. Na kuchukua nyingine maana yake ni kurudi kwa aliyegonga muhuri ambaye naye ana foleni yake na vituko vyake. Nikamwuliza hiyo imeandikwa wapi, "utaratibu ndio huo". Nikamwambia basi niitie mkubwa wako, kafunga kidirisha kaenda zake.

Fomu nitajaza tena, nitafanyaje. Ninachotaka kujua ni watu hawa mnaishi nao vipi? Kubembeleza nimeshindwa, kufoka ndo kabisa nimeharibu, na kutoa kitu kidogo sitoi.

Kichwamoto
Hao dawa yao ni simu tu. Washa kamera, rekodi, rusha mtandaoni, jioni hiyo hiyo wanakutafuta wenyewe.

Karani_Mstaafu
Kichwamoto utamponza mwenzio. Ukimtolea kamera ndo umempa sababu ya kufuata sheria mpaka nukta ya mwisho, maana sasa ana shahidi.

Mimi nimekaa upande wa pili wa hilo dirisha miaka mingi, mtanivumilia nikirefusha. Kwanza ile ya kiboksi inawezekana ina maana yake. Fomu nyingi siku hizi zinaskaniwa na mashine inachukua kilicho ndani ya kiboksi tu, mkia ukibaki nje saini inatunzwa nusu, kesho ikilinganishwa haifanani. Kosa lake ni kutokukueleza, na pengine hata yeye hajui, aliambiwa "saini isitoke" akalishika neno hivyo hivyo.

Sasa sikiliza hesabu za karani. Akikukatalia, hasara yako, hakuna bosi atakayemwita. Akikupokelea halafu fomu ikarudishwa kutoka juu, jina lake ndilo liko kwenye rejesta na barua ya kujieleza ataandika yeye. Ukienda na "tumia akili basi ndugu yangu" unamwomba abebe msala kwa ajili ya mtu asiyemjua. Mimi niliokuwa nawalegezea ni wale waliokuja na mlango wa kunitoa, anasema "mzee, nani ana mamlaka ya kuikubali hii kama ilivyo? Niandikie hapa pembeni kwamba umeiona na umenielekeza kwake". Hapo mzigo umeshanitoka, nasaini fasta. Na usiyaseme hayo kwa sauti mbele ya foleni, watu wakishacheka nyuma yako imekwisha, hageuki tena hata umletee kanuni iliyoandikwa kwa dhahabu.

Msomi_wa_Kijiwe
Mzee kaongea. Robert Merton, mwanasosiolojia wa Marekani, aliliandika hili tangu 1940, kwamba mtu akizoeshwa kufuata sheria kila siku mwishowe kuifuata kunakuwa ndo lengo lenyewe, kile ilichowekewa kinasahaulika.

Ila tusiwasafishe sana, wengine ni ubabe tu. Kuna watafiti huko huko Marekani walitoa utafiti 2012, waliwapa watu uwezo wa kumchagulia mwenzao mambo ya kufanya, wengine wakiwa kwenye nafasi ya heshima na wengine nafasi ya kudharauliwa. Wenye uwezo lakini hawaheshimiwi ndo walioongoza kuchagua ya kudhalilisha, kwenye orodha kulikuwa mpaka na kubweka kama mbwa. Sasa piga picha mtu kashinda anatukanwa tangu asubuhi halafu unafika wewe humsalimii, unasukuma karatasi tu. Utabweka.

Kichwamoto
Kwa hiyo mimi ninayemlipa mshahara ndo nianze kumpamba? Umangimeza haujawahi kuisha kwa salamu.

Fundi_Barua
@Kichwamoto salamu haiumi, ila hapo mwisho uko sahihi. Mgomo baridi unaujua? Wafanyakazi hawaachi kazi, wanafuata kila kipengele kama kilivyoandikwa na shughuli zinakwama. Kwa hiyo kila ofisi inayotembea inatembea kwa sababu kuna mtu analegeza kitu mahali. Akisema hana uwezo wa kulegeza, inawezekana kweli yeye hana, tafuta nani anao.

Ikishindikana andika barua fupi. Tarehe, saa, dirisha namba ngapi, umeambiwa nini, umeomba kuonyeshwa kanuni ukajibiwa nini, unataka wafanye nini. Matusi weka pembeni, na historia ya maisha yako pia. Wakikaa kimya, nchi nyingi zina ofisi ya kupokea malalamiko ya raia dhidi ya watumishi, Sweden walianzisha ya kwao tangu 1809. Inachelewa lakini barua yenye tarehe inawasumbua kuliko kelele za dirishani.

Mchovu_wa_Foleni
Nimewaelewa wakuu, hasa mzee. Sasa kwenye hiyo barua jina lake nalipataje? Nikimwuliza jina si ndo vita upya?

Karani_Mstaafu
Jina usiliulize, hapo anajua tayari unamshtaki. Angalia beji. Kama hana, siku ukikabidhi mwombe akusainie nakala yako kwamba kapokea, aweke na tarehe. Akikataa kusaini, andika saa na namba ya dirisha, ndani wanajua siku hiyo alikaa nani.