Naomba ushauri: ridhaa ya mgonjwa nifundisheje?

Habari zenu ndugu zangu. Nafundisha maadili ya tiba kwa wanafunzi wa uuguzi, na kuna mada inanishinda.

Huwa naanza na Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale. Anaeleza matabibu wa aina mbili: wa watumwa, anayeamuru dawa bila maelezo na kuondoka, na wa watu huru, anayezungumza na mgonjwa pamoja na watu wake, haagizi kitu mpaka mgonjwa akubali. Kisha naingia Kanuni za Nuremberg za 1947, zinazodai mtu akubali kwa hiari kabla ya kufanyiwa utafiti, halafu utafiti wa Tuskegee kule Alabama, Marekani, ambako wanaume weusi 399 wenye kaswende waliachwa bila tiba, utafiti ukiendelea toka 1932 hadi 1972. Mpaka hapo tunaelewana.

Shida ni wodini. Wanaona daktari akimwita mtoto mkubwa pembeni kumweleza saratani ya mama, mama mwenyewe hajui. Juzi binti mmoja akauliza, "Mwalimu, hapo mtumwa ni nani?" Nilikosa jibu, na linaniuma. Sitaki kuwaambia familia ni kikwazo, maana ndiyo inayouza ng'ombe na kulala kwenye korido. Lakini mwili ni wa mama.

Mliofundisha haya au mliowahi kuuguza, mngemjibuje?