Mbwa mwenye kizibao: nitamjuaje yule anayemwongoza asiyeona kweli?

Mapokezi wa Shangani ameuliza:

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nafanya kazi ya mapokezi katika nyumba ndogo ya wageni Mji Mkongwe, upande wa Shangani, na nina jambo ambalo ningependa wenye ujuzi wanisaidie kulifikiri kabla ya Ijumaa, kwa sababu siku hiyo tajiri yangu anataka jibu.

Mwezi uliopita alikuja mgeni, mwanamke wa makamo anayeishi Dar es Salaam, ameshuka kwenye boti na mbwa mdogo mweupe aliyevishwa kizibao chekundu chenye maandishi ya kusema kuwa ni mbwa msaidizi wa mtu mwenye ulemavu. Sisi hatupokei wanyama, na jambo hilo tumeliandika wazi. Nilipomweleza, alitoa kadi ya plastiki yenye picha ya mbwa, nambari na nembo ya rangi ya dhahabu, akasema kwamba kumkatalia ni kuvunja sheria. Sikutaka kumdhulumu mtu ambaye pengine ana ulemavu usioonekana kwa macho, nikampa ufunguo.

Asubuhi ya pili, katika mkahawa wetu wa juu ya paa, mbwa yule alipanda kitini, akaweka miguu ya mbele mezani, akalamba sahani ya mayai, na mwenyewe akawa anampiga picha. Mpishi wetu, mama mtu mzima ambaye sote tunamwita Bi Mkubwa, aliteremsha vyombo vyote vya meza ile, akavitenga katika beseni, akaniagiza udongo safi, kisha akaviosha mara saba huku machozi yakimlengalenga. Hakuna mtu aliyekuwa amemwambia kwamba mbwa atafika kwenye meza zake. Siku ya kuondoka, mgeni alinisimulia bila kificho kwamba mbwa wake hana kazi yoyote aliyofunzwa, na kwamba kadi aliinunua kwenye intaneti kwa sababu hapendi kutengana naye safarini.

Sasa ameandika mgeni mwingine, mwanamume asiyeona kutoka Afrika Kusini, anauliza kama anaweza kufika na mbwa wake anayemwongoza. Tajiri yangu, ambaye bado ana uchungu wa yaliyopita, ameniambia nimjibu kwamba vyumba vimejaa. Vyumba havikujaa, na mimi sitaki kuandika uongo kwa mtu ambaye hakutukosea. Nitamtofautishaje huyu na yule, nimuulize nini bila ya kumvunjia heshima, na nimwambie nini tajiri wangu pamoja na Bi Mkubwa?

Abiria wa Boti amejibu:

Wa alaykum salaam. Dada yangu, mimi naona tajiri wako ana sababu. Watu wetu wengi wanaogopa mbwa tangu utotoni, na aliyeumwa mara moja hahitaji kuambiwa kwamba huyu wa pili ni mpole. Ukishamruhusu mmoja, kila mwenye mbwa atanunua kizibao. Bora kanuni iwe moja kwa wote, ila naungana nawe katika jambo moja: mgeni aambiwe ukweli, asiambiwe kwamba vyumba vimejaa.

Mtu wa Ng'ambo amejibu:

Nimeishi Marekani miaka kumi na minne, na mingi kati ya hiyo nimesimama mlangoni mwa duka kubwa la vyakula, kwa hiyo suala hili nimelikuta karibu kila wiki. Naeleza ya huko nikijua kwamba sheria ya huko haivuki bahari, lakini udanganyifu wenyewe umetokea huko na kadi kama uliyoonyeshwa nazifahamu vizuri.

Sheria kuu ya Marekani ya watu wenye ulemavu ni ya mwaka 1990, na kanuni zake zilizoanza kutumika Machi 2011 zinamtambua mbwa aliyefunzwa kazi mahususi inayohusiana na ulemavu wa mwenyewe, kama vile kumwongoza asiyeona, kumjulisha kiziwi kwamba mlango unagongwa, au kumlinda mwenye kifafa anapoanguka. (Yupo pia farasi mdogo, ambaye amewekewa kifungu chake peke yake.) Mnyama ambaye faida yake ni kumliwaza mtu kwa kuwa naye tu hahesabiki humo. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba hakuna daftari lolote la serikali wala kadi rasmi. Zile kadi, vyeti na vizibao vinauzwa kwenye intaneti kwa yeyote mwenye pesa, bila ya muuzaji kumwona mbwa wala mtu. Kwa hiyo dada, kadi ile haikukuthibitishia chochote, na usijilaumu, kwani imetengenezwa kwa makusudi ili mtu wa mapokezi aone haya kuuliza zaidi.

Sisi mlangoni tuliruhusiwa maswali mawili tu: je, mbwa huyu unamhitaji kwa sababu ya ulemavu, na je, amefunzwa kufanya kazi gani? Hatukuruhusiwa kuuliza mtu anaumwa nini, wala kumtaka amwamrishe mbwa aonyeshe kazi yake. Swali la pili ndilo linalochuja. Mwenye mbwa wa kweli hujibu mara moja, kwa sentensi moja, kwa sababu kazi ile ndiyo maisha yake ya kila siku. Asiye naye huanza kuzungumzia kadi. Na hata mbwa wa kweli, akiwa hatulii na mwenyewe hamzuii, au akichafua sakafu, sheria hiyo hiyo inaruhusu atolewe nje, ila mtu mwenyewe aendelee kuhudumiwa. Yule wako aliyelamba sahani angetolewa bila ya mjadala.

Mambo yalifika pabaya zaidi kwenye ndege. Januari 2018 mwanamke mmoja alifika katika uwanja wa ndege wa Newark akitaka kupanda na tausi, akidai kuwa ni wa kumtuliza moyo, na akakataliwa. Malalamiko ya kuumwa na kuchafuliwa yaliongezeka hadi Wizara ya Usafirishaji ikabadilisha kanuni, na tangu Januari 2021 mashirika ya ndege hayalazimiki tena kuwapokea wanyama wa kuliwaza kama mbwa wasaidizi. Majimbo kadhaa yameweka adhabu pia: California, kwa mfano, anayedanganya kwa kujua anaweza kutozwa faini ya hadi dola 1,000 au kufungwa hadi miezi sita. Hata hivyo kumshitaki mtu ni vigumu, maana lazima uthibitishe kwamba alijua.

Fimbo Nyeupe, Wete amejibu:

Nasoma mjadala huu kwa simu inayonisomea kwa sauti, kwani sioni tangu nikiwa skuli, darasa la tano. Naomba mnivumilie kwa urefu.

Mbwa sina na wala sitarajii kuwa naye, kwani kwetu hakuna anayewafunza. Lakini nilipata kwenda Afrika Kusini kwa mafunzo, nchi ambayo chama chao cha mbwa waongozaji kimekuwapo tangu 1953, na mwenyeji wetu mmoja asiyeona alinishikisha mpini ule mgumu unaofungwa mgongoni mwa mbwa, yeye akatembea ubavuni kwangu. Nitawaeleza nilichohisi mkononi. Mpini ulikuwa ukisogea kidogo kushoto, kidogo kulia, kama usukani wa ngalawa mikononi mwa mtu anayeijua bahari, nami nikafuata bila ya kugonga kitu. Ghafla ukasimama. Nikamhimiza mbwa aendelee, hakwenda. Nikamhimiza tena, akajiweka mbele ya miguu yangu. Nilipotanguliza fimbo nikakuta mtaro umefukuliwa, na kina chake sikukifikia. Mwenyeji akaniambia kwamba huko ndiko kufunzwa kunakochukua karibu miaka miwili: mbwa anajifunza kutii, kisha anajifunza ni wakati gani asitii.

Fimbo yangu ni nzuri, lakini inajua ya chini tu. Katika vichochoro vya Mji Mkongwe inaikuta baraza na inaikuta ngazi, haikuti kioo cha gari wala dirisha lililofunguliwa kwa nje usawa wa paji la uso. Kovu la Mkunazini ninalo. Mbwa kama yule angenipitisha kando.

Sasa Abiria wa Boti anasema kanuni iwe moja kwa wote. Ndugu yangu, mwenye mbwa wa kubembeleza akikataliwa, anamwacha kwa jirani na anasafiri. Asiyeona akikataliwa mbwa wake, amekataliwa yeye, kwa sababu bila ya mbwa huyo hawezi kutoka chumbani peke yake mahali asipopajua. Yule mama mwenye kizibao hakulipa chochote kwa uongo wake. Alikula, akalala, akarudi zake Dar es Salaam. Anayelipa ni mtu wa Afrika Kusini ambaye hajamwona Bi Mkubwa wala sahani zake, na ambaye anaandikiwa kwamba vyumba vimejaa. Mwenyeji wangu alinambia jambo jingine: mbwa asiyefunzwa akimrukia mbwa mwongozaji, hata bila ya kumng'ata sana, anaweza kumtia hofu kiasi cha kwamba hawezi tena kufanya kazi, na miaka ile yote ya kumfunza ikawa imekwisha siku hiyo.

Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009, na kifungu chake cha 20 kinahusu hasa haki ya mtu kwenda anakotaka kwa kujitegemea kadiri inavyowezekana. Naomba dada amsomee tajiri wake kifungu hicho, polepole.

Mwanafunzi wa Chuoni, Mkunazini amejibu:

Kuhusu Bi Mkubwa, hakukosea hata kidogo, na anastahiki kuombwa radhi. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu hapa, mate ya mbwa ni najisi nzito, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Lakini tusizidishe yaliyozidi. Mbwa mkavu akigusa nguo kavu, hakuna najisi inayohamia. Wanavyuoni wa Maliki wao wanamhesabu mbwa kuwa tohara, yaani si najisi.

Tena kumweka mbwa kwa haja si jambo geni katika dini. Sura ya Al-Maida, aya ya 4, inahalalisha kilichowindwa na wanyama waliofunzwa, na hadithi zimemtoa katika katazo mbwa wa mawindo, wa mifugo na wa shamba. Wasasi wetu wa nguruwe mwitu, Unguja na Pemba, wanafuga mbwa miaka yote na hakuna anayewaambia wametoka katika mila. Ikiwa mbwa ameruhusiwa kwa ajili ya kulinda mbuzi, mimi sioni vipi azuiwe anayemlinda mtu asitumbukie mtaroni. Mwaka 2008, katika mji wa Leicester, Uingereza, msikiti mmoja ulimruhusu kijana Muislamu asiyeona aje na mbwa wake, akawekewa mahali maalumu karibu na mlango wakati mwenyewe anaswali. Watu waliheshimu tohara na wakamheshimu mwenzao, kwa kutenga mahali tu.

Daktari wa Mifugo, Chake amejibu:

Naongeza la kwangu kwa ufupi. Pemba ilikuwa imeutokomeza ugonjwa wa kichaa cha mbwa kufikia 2014 kwa kampeni za chanjo, kisha ukarudi 2016 kwa kuingizwa kutoka nje ya kisiwa, na ikabidi tuanze kuchanja upya. Kwa hiyo, kadi ya kununua isikushughulishe, lakini cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa kiulize kwa kila mbwa, wa kazi na wa kubembeleza, pamoja na kibali cha kumwingiza. Mwenye mbwa mwongozaji wa kweli atakuwa navyo mkobani, kwa sababu amezoea kuulizwa mipakani.

Mapokezi wa Shangani ameandika tena, Jumamosi:

Nawashukuru nyote. Nilimsomea tajiri yangu maneno ya ndugu yetu wa Wete yote, na nilipofika kwenye lile la kuandikiwa kwamba vyumba vimejaa alinyamaza, kisha akaniambia nimwandikie mgeni na kumuuliza maswali mawili ya Mtu wa Ng'ambo pamoja na cheti cha chanjo.

Jibu lilikuja jioni ile ile. Mgeni alisema mbwa wake anamsimamisha kwenye ngazi, anamtafutia mlango na kumpitisha kando ya vizuizi, anakula katika bakuli lake mwenyewe na hapandi kitandani wala kitini. Cheti alikiambatanisha bila ya kusukumwa. Kisha yeye ndiye aliyeniuliza: je, kuna mtu katika nyumba yenu anayeogopa mbwa, au ambaye dini yake inamtaka asiguswe, ili ajue apite wapi na akae wapi?

Swali hilo nililipeleka jikoni. Bi Mkubwa aliniuliza anafika lini, nikamwambia mwezi ujao. Akasema apewe chumba cha chini kinachoelekea uani, asipandishwe ngazi za paa, chai atampelekea yeye mwenyewe. Leo asubuhi nimekuta chini ya sinki kopo la udongo mkavu lenye kifuniko, na pembeni yake bakuli la bati ambalo amelifunga uzi mwekundu ili lisichanganyike na vyombo vingine.